Kijana mlevi nyumbani: weka mpaka utakaoweza kuulinda

Swali ninaloletewa mara nyingi na wazazi hapa Kisumu ni hili: nimfukuze au nivumilie? Kijana amepita miaka thelathini, chang'aa imemshika, na vitu vinatoka nyumbani kimoja kimoja. Mtungi wa gesi ulitangulia, ikafuata simu ya mdogo wake. Mimi ni mshauri wa waraibu na familia zao. Kati ya kufukuza na kuvumilia kuna nafasi kubwa, na kazi yetu iko hapo.

"Humu ndani ni marufuku kulewa" ni agizo tu, na kulitimiza kunamtegemea mtu ambaye pombe imeshamzidi nguvu. Mpaka ni jambo utakalofanya wewe, hata yeye asipobadilika: "Sikupi pesa mkononi tena. Ukiwa hujalewa tutakula pamoja. Ukija umelewa, utakuta chakula chako kimefunikwa." Yaseme asubuhi, akiwa ametulia, kwa maneno machache. Wala usitangaze usichoweza kukishikilia. Mama akisema "leo utalala nje", kisha saa nane usiku mvua ikamtia huruma akafungua, kijana amejifunza kwamba dawa ni kugonga zaidi. Simlaumu mama huyo kwa kufungua. Ningependa tu asingelitamka lile neno.

Familia nyingi hushindwa kwenye pesa. Mama amekaza, lakini dada aliye Nairobi anapigiwa simu, "niko na malaria, nitumie mia tatu", na M-Pesa inaingia. Nyanya naye akipokea elfu mbili zake za Inua Jamii, pesa ambazo serikali huwapa wazee, anamkatia mjukuu kidogo. Wote wanampenda, na wote wanalipia chang'aa. Kaeni pamoja, hata kama ni kwa simu, mkubaliane jibu moja ambalo kila mtu atalitoa. Akiwa mgonjwa kweli, dada amlipe mwenye duka la dawa moja kwa moja. Akipata kibarua, mwenye pikipiki alipwe ampeleke.

Kisha kuna suala la simba, yaani nyumba ndogo ya mwana wa kiume ndani ya boma la wazazi. Katika boma la Wajaluo, mwana mtu mzima ana simba yake, na huwezi kumtoa humo kama mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi. Ami zake watakuja kuuliza. Basi mpaka usiuweke getini, uweke kwenye mlango wa nyumba ya mama. Simba ni yake, alale humo hata akiwa amelewa. Nyumba ya mama ifungwe kwa kufuli, na hati ya shamba ihifadhiwe na mtu mnayemwamini. Mjini ni vigumu zaidi. Kwenye vyumba viwili vya kupanga kule Manyatta au Nyalenda, analala sebuleni, palepale watoto wanapofanyia kazi za shule. Hapo huwa nawaomba wazazi watafute mapema, kabla ya usiku wa fujo, ndugu atakayekubali kumpokea siku akija amelewa.

Akiinua mkono, hakuna mjadala. Ondokeni, mwiteni chifu au polisi. Sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inamhusu pia mzazi anayepigwa na mwanawe, na mahakama inaweza kumpa amri ya ulinzi.

Nisieleweke kwamba mpaka ni ukali. Mwaka 1999, William Miller, Robert Meyers na Scott Tonigan walitoa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa jamaa 130 wa walevi. Jamaa waliofundishwa kuacha kumfichia mlevi madhara ya ulevi wake na kumpa upendo wazi saa ambazo hajalewa walifanikiwa kuwafikisha asilimia 64 ya walevi kwenye matibabu. Njia ya familia kumkabili mlevi kwa pamoja katika kikao ilifikisha asilimia 30, na ile ya jamaa kujitenga kihisia na tatizo asilimia 13. Kwa hiyo siku akiamka mzima akakata nyasi za boma, kaa naye, mnywe chai, mzungumzie mpira. Siku hiyo usitaje pombe.

Siku atakayosema "mama, nimechoka", usimfungie ndani eti imtoke. Hili limeua watu. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatiziwa ghafla huanza kutetemeka ndani ya saa chache, anaweza kupata degedege katika siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuona vitu visivyokuwepo. Anahitaji daktari na dawa. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, na alikunywa mara ya mwisho lini. Kama hujui pa kuanzia, piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haina malipo. Nauli na nguo zake viwe tayari tangu leo, kwa sababu utayari wa namna hiyo unaweza kupita kabla ya jioni.