Viti Vitupu Bungeni: Akidi Inahesabiwa Lini?

Picha ya ukumbi wa Bunge ukiwa nusu mtupu ikianza kuzunguka WhatsApp, najua nitaulizwa swali lilelile: sheria inayojadiliwa na watu arobaini ni halali kweli? Mimi ni wakili hapa Kampala, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufuatilia miswada kwa niaba ya wafanyabiashara. Jibu langu huwaudhi wengi. Kuijadili wanaweza, kuipitisha, hapana.

Ibara ya 88 ya Katiba ya Uganda inataka wawepo angalau theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kura, hiyo ndiyo akidi, lakini inadaiwa pale Bunge linapopiga kura. Bunge la 11, lililochaguliwa 2021, lilianza na wabunge 529: wa majimbo 353, wanawake wa wilaya 146, na 30 wa makundi maalumu, wakiwemo wanajeshi 10. Theluthi yake ni 177. Mawaziri walioteuliwa kutoka nje ya Bunge huingia na kuchangia, ila kura hawana, kwa hiyo msiwahesabu.

Waulizeni watu wa miraa, au mairungi kama tunavyoiita huku. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 iliibana biashara yao. Chama chao cha Wakiso kikaenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2023 sheria nzima ikafutwa, na vifungu vya heroini na kokeini humohumo. Hukumu haikuegemea utamu wala madhara ya miraa. Ilichokuta ni kwamba sheria ilipitishwa bila akidi. Serikali ikalazimika kurudi Bungeni na muswada mpya. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo ilikuwa imeifuta Sheria ya Kupinga Ushoga kwa kosa lilelile, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakuonywa.

Hadi kufika kwenye kura, safari ni ndefu. Muswada "ukisomwa mara ya kwanza" kwa kweli hausomwi. Hutajwa jina, cheti cha gharama zake kikawekwa mezani, Spika akaupeleka kwenye kamati. Mbunge wa kawaida naye anaweza kuleta wake, lakini Ibara ya 93 inamzuia kuweka au kuongeza kodi, au kuubebesha mzigo Mfuko Mkuu wa Hazina. Hapo ndipo ahadi nyingi za kampeni hufia.

Kamati ina siku 45, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu pekee ambayo mtu asiye mbunge anaweza kubadilisha kitu. Wateja wangu hupenda kufika na hotuba. Nawaambia waache. Andikeni: "Kifungu cha 14, palipo na siku 30 pawe siku 90," sababu ziwe mistari mitatu, nakala apewe karani wa kamati. Maneno ya namna hiyo yanaweza kuingia kwenye ripoti yalivyo. Nusu saa ya uzalendo haina pa kuwekwa.

Ripoti ikirudi, muswada unasomwa mara ya pili na misingi yake kujadiliwa. Kisha Bunge hugeuka Kamati ya Bunge Zima, Spika akawa mwenyekiti, na vifungu vikapitiwa kimoja kimoja. Kura nyingi hapo ni za sauti, na sauti haina idadi: watu sitini wenye mapafu wanasikika kama mia mbili. Ndiyo maana mbunge mmoja akisimama kuuliza akidi, mwenyekiti anapaswa kusimamisha kila kitu na kuhesabu.

Baada ya kusomwa mara ya tatu, Rais ana siku 30: kutia saini, kuurudisha, au kukataa kwa maandishi. Akinyamaza hadi siku ziishe, anahesabiwa kuwa ameridhia. Akishikilia kukataa, Bunge linaweza kumpita kwa theluthi mbili za wabunge wote. Kwa Bunge la 529 hao ni 353, na mimi sitegemei kuiona hesabu hiyo karibuni. Hata saini ikipatikana, msikimbilie kufunga duka: angalieni kwanza kwenye Gazeti la Serikali sheria inaanza lini, maana nyingine husubiri waziri atangaze tarehe.