Tela lina matairi yake, lakini gari pia inabeba

Msimu wa korosho ukifika Newala utasikia maneno haya: "Tela lina matairi yake, gari inavuta tu, haibebi kitu." Si kweli, na natamani kila dereva anayeteremka kwenda Masasi alijue hili.

Simama kando ya pikapu wakati tela lililojaa linaungwa. Utaona springi za nyuma zinakaa. Huo ni mzigo. Tela likipakiwa vizuri, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake huangukia pale linapoungwa na gari. Tuseme tela lenyewe ni kilo 300, na juu yake kuna magunia 15 ya kilo 80. Jumla kilo 1,500, kwa hiyo angalau kilo 150 zinabebwa na gari. Kama pikapu imeruhusiwa kubeba kilo 800, na tayari ina magunia matano na watu watano wa kilo 70, umeshapitiliza kwa kilo 100, hata kama uwezo wake wa kuvuta ni kilo 2,500.

Wengine husogeza magunia nyuma ya tela ili gari "ipumue". Hapo ndipo balaa linapoanza: tela huyumba huku na huku, na mteremkoni linaweza kuipindua gari. Magunia yakae juu ya ekseli, yakielemea mbele kidogo, yafungwe kamba.

Injini kupanda mlima bila kulalamika si kipimo, kwa sababu kinachosimamisha ni breki. Kabla ya kupakia, soma kibati cha uzito kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukiteremka, tumia gia ndogo.