Ile + na − ndani ya pembetatu si betri

Wiki iliyopita kijana anayejifunza kazi kwangu aliniletea bredibodi (ubao wa kujaribia saketi) yenye LM358, IC au chipu ya opampi, yaani kikuza volti ambacho kwenye michoro huchorwa kama pembetatu. "Fundi, imekufa hii. Nimeipa moto, haitoi kitu." Nikafuata nyaya kwa kidole. Mwekundu wa volti 12 aliuchomeka pini 3, mweusi pini 2. Pini 8 na pini 4 zilikuwa tupu. Nilipomuuliza kwa nini, akanionyesha mchoro: pembetatu, na ndani yake + na −. Yeye aliona betri.

Sikumcheka, maana alama zenyewe zinachanganya. Hazisemi umeme wa kuilisha IC uingie wapi. Zinasema tokeo, yaani ile ncha ya pembetatu, litafanya nini. Volti ikipanda kwenye +, tokeo hupanda. Ikipanda kwenye −, tokeo hushuka. Ndiyo maana − huitwa ingizo la kugeuza. Opampi huangalia tofauti ya maingizo hayo mawili tu na kuikuza kupita kiasi, kwa LM358 kama mara 100,000, kwa hiyo lazima ifungwe breki. Breki ndiyo ile rizista utakayoikuta kwenye karibu kila mchoro wa amplifaya, ikitoka kwenye ncha na kurudi kwenye −.

Umeme wa kulisha una majina yake, V+ na V−, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Kwenye LM358, + ya opampi ya kwanza ni pini 3, V+ ni pini 8. Tena wachoraji wengi hawazichori kabisa pini za umeme. Ndani ya LM358 mna opampi mbili zinazokula kwenye pini 8 na 4 zilezile, basi mchoraji anaona hakuna haja ya kurudia. Anategemea wewe unajua.

Jambo jingine: − si lazima iwe juu. Mchoraji huipindua pembetatu apendavyo ili mistari isikatane. Nimeona mchoro mmoja wenye pembetatu mbili, ya kwanza − juu, ya pili − chini, na aliyeunga kwa mazoea ya jicho akageuza + na − za pembetatu ya pili.

Ukibadilisha + na −, nini hutokea? Chukua kazi aliyokuwa nayo kijana: kupima ampea za sola. Rizista ya omu 0.01 ikipitisha ampea 20 hutoa volti 0.2, ndogo mno. Unaiingiza kwenye +. Kutoka kwenye ncha unarudisha kilo-omu 10 hadi −, na kutoka − unashusha kilo-omu 1 hadi graundi, yaani upande wa sifuri wa umeme. Ukuzaji ni 1 + 10/1, mara 11, mita kwenye ncha inasoma volti 2.2. Weka mita kwenye − yenyewe: volti 0.2, sawasawa na +. Hicho ndicho kipimo ninachoanza nacho kila nikikagua amplifaya ya namna hii. Sasa badilisha + na −. Breki imegeuka mafuta. Tokeo linaganda chini karibu na sifuri, au juu karibu na volti 10.5, na haliondoki hapo hata ampea zipungue.

Ah, na pembetatu hiyohiyo huchorwa kwa LM393, ambayo ni kompareta, yaani hulinganisha tu volti mbili. Pini zimepangwa vilevile, lakini tokeo lake linaweza kuvuta chini tu, haliwezi kusukuma juu. Usipoweka rizista ya kulivuta juu, utasema nayo imekufa.

IC ya kijana ilikuwa nzima. LM358 huvumilia hadi volti 32 kwenye maingizo hata ikiwa haina umeme. Angekuwa na 741 mkononi, opampi nyingine ambayo maingizo yake hayaruhusiwi kupita volti za umeme wake, nisingemhakikishia.