Ushuru ni sifuri, kwa nini mzigo umekwama?

Jioni moja ya Januari 2021 dereva aliyetoka Uingereza alinipigia simu kutoka upande wa Ufaransa. Lori lake lilikuwa limebeba mizigo ya wafanyabiashara wengi, kila mmoja na paleti yake moja au mbili: vipuri vya baiskeli, sabuni, vitabu, na paleti moja tu ya jibini. Mizigo yote ilikuwa na karatasi zake. Tatizo lilikuwa kwenye cheti cha afya cha lile jibini. Daktari wa mifugo alikuwa ametia sahihi kwa wino mweusi, rangi ileile ya maandishi yaliyochapwa, na kanuni inataka sahihi iwe ya rangi tofauti ili ionekane wazi kuwa imeandikwa kwa mkono. Kwa ajili ya wino huo lori zima likazuiwa. Vitabu na vipuri, ambavyo havikuwa na kosa lolote, vikalala maegeshoni siku mbili pamoja na jibini.

Mimi ni wakala wa forodha, ninatoa mizigo kati ya Uingereza na bara la Ulaya. Nilikuwa kwenye kazi hii kabla ya kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, Waingereza walipochagua kutoka Umoja wa Ulaya, na bado nipo. Swali ninaloulizwa kuliko yote, na wateja na hata ndugu zangu, ni hili: si Uingereza na Umoja wa Ulaya walikubaliana kusiwe na ushuru? Ni kweli walikubaliana. Mkataba wa biashara uliofikiwa tarehe 24 Desemba 2020 unasema ushuru sifuri na hakuna ukomo wa kiasi. Mtu akisikia hivyo anadhani mambo yamebaki yaleyale, kumbe ushuru ulikuwa sehemu ndogo tu ya habari yenyewe.

Nchi zilizo kwenye umoja wa forodha ni kama nyumba moja yenye mlango mmoja wa nje. Bidhaa ikishalipiwa mlangoni, inazunguka vyumbani na hakuna anayeiuliza swali. Soko la pamoja linaenda mbele zaidi: chakula kilichokaguliwa chumba kimoja kinaaminiwa vyumba vyote. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kilipokwisha tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, ikawa jirani. Jirani hata asipotozwa kitu, lazima apige hodi, ajitaje, aseme amebeba nini, kina thamani gani na kimetoka wapi. Sisi watu wa forodha kupiga hodi huko tunakuita tamko.

Tamko si barua ya mistari miwili. Anayetuma lazima awe na namba ya utambulisho ya forodha, na anayepokea awe na yake. Kila bidhaa inapewa namba ya kuainisha, na hapo ndipo wageni wa kazi hii wanapotokwa jasho: biskuti iliyopakwa chokoleti ina namba yake, isiyopakwa ina nyingine, na ukikosea unaweza kukuta unadaiwa au unazuiwa. Halafu kuna uzito, thamani, asili ya bidhaa, na nani anahesabiwa kuwa mwingizaji upande wa pili. Ikiwa ni nyama, maziwa, samaki au asali, ongeza cheti cha afya kinachotiwa sahihi na daktari wa mifugo aliyeidhinishwa. Ikiwa ni mimea, ongeza cha afya ya mimea.

Haya ninayaeleza kwa urefu kwa sababu moja. Gharama ya karatasi haipungui kwa kuwa mzigo ni mdogo. Chukua mfano wa hesabu tu: tuseme kuandaa karatasi za shehena moja kunagharimu pauni 200. Kwa lori lenye bidhaa za pauni 40,000, hiyo ni nusu ya asilimia moja, mwenye mali hata haisikii. Kwa boksi la pauni 400, ni nusu ya thamani yote. Kiwanda kikubwa kinaajiri watu wawili wa kushughulikia forodha na maisha yanaendelea. Mama anayetengeneza jemu na wafanyakazi wake watatu hana mtu wa kumwajiri, na usiku anakaa mwenyewe mbele ya kompyuta akijaza visanduku asivyovielewa. Nimekaa na watu kama hao. Wengi walijua kazi yao kwa undani, na waliacha kuuza nje kwa sababu ya makaratasi tu.

Upande wa kuingiza ni vilevile. Tangu tarehe 30 Aprili 2024, vyakula vya asili ya wanyama na mimea vinavyoingia Uingereza kupitia bandari ya Dover au njia ya reli ya chini ya bahari kutoka Ufaransa vinatozwa ada ya ukaguzi, vikaguliwe au visikaguliwe. Kwa bidhaa za hatari ya kati, kama nyama, ni pauni 29 kwa kila aina ya bidhaa kwenye shehena, na haizidi pauni 145. Sasa tazama inavyofanya kazi. Lori zima lililojaa aina moja ya nyama linalipa 29. Duka dogo linaloagiza kidogokidogo aina tano tofauti, kwa sababu wateja wake wanakuja kutafuta hizo aina tano, linalipa 145. Hakuna aliyekaa akapanga kumwonea mwenye duka dogo. Lakini ndivyo inavyomfikia, na nadhani waliopanga ada walipaswa kuliona hilo mapema.

Nirudi kwenye ule ushuru sifuri, maana nao una sharti lake. Ni sifuri kwa bidhaa zenye asili ya Uingereza au ya Umoja wa Ulaya, na neno asili lina maana yake ya kisheria. Mshonaji wa Uingereza ananunua kitambaa cha pamba kutoka India, anakata, anashona, anatia vifungo. Ukimuuliza mpita njia, shati hilo limetengenezwa Uingereza. Ukiuliza mkataba, kwa kawaida jibu ni hapana, kwa sababu kitambaa chenyewe kinatakiwa kiwe kimefumwa ndani ya eneo la pande hizo mbili. Kwa hiyo shati likivuka kwenda Ufaransa linatozwa asilimia 12. Nilimweleza hivyo mteja wangu mmoja, akanyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akaniuliza, "Sasa mimi nashona nini?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwonyesha kifungu.

Kanuni hiyohiyo iliwakumba wakubwa pia. Mwanzoni mwa 2021 Marks & Spencer, kampuni ya maduka ya Uingereza, walieleza hadharani kuhusu pipi zao za Percy Pig: zinatengenezwa Ujerumani, zinaletwa ghalani Uingereza, kisha zinapelekwa madukani Ireland. Ujerumani na Ireland zote ziko ndani ya Umoja wa Ulaya. Lakini pipi iliyolala Uingereza na kutoka tena bila kufanyiwa kazi yoyote haiwezi kudai asili kwenye mkataba huu, na ushuru ukaanza kuulizwa. Baadhi ya kampuni zikahamisha maghala yao. Ajira za kupanga na kufungasha zikahama pamoja na maghala.

Nyumbani kwa mtu wa kawaida mabadiliko yanaingia kwa milango midogo. Kifurushi ni mmoja wapo. Ukiagiza viatu vya mtu mzima kutoka Italia vya zaidi ya pauni 135, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 20 inadaiwa vinapoingia Uingereza, na msafirishaji anaongeza ada yake ya kukushughulikia. Watu wananipigia wakidhani wametapeliwa. Hapana, ni forodha. Zawadi halisi ya mtu kwa mtu isiyozidi pauni 39 haidaiwi, lakini fomu iliyobandikwa kwenye boksi lazima ijazwe vizuri. Kuandika "zawadi" peke yake hakutoshi, andika kilichomo na thamani yake.

Mnaosafiri mtakumbuka picha za Januari 2021 kutoka bandari ya Hoek van Holland, maofisa wa Uholanzi wakichukua mikate yenye nyama kutoka kwa madereva waliotoka Uingereza. Wengi walidhani ni ukatili wa makusudi. Ilikuwa sheria ya siku zote ya Umoja wa Ulaya kwa yeyote anayetoka nje yake: nyama na maziwa haviingizwi na msafiri. Dereva yuleyule wiki mbili kabla alikuwa mtu wa ndani.

Pasipoti ya mbwa iliyotolewa kisiwa cha Britania haitambuliki tena Umoja wa Ulaya, kila safari inahitaji cheti kipya cha daktari wa mifugo, na ni cha kulipia. Mwenye pasipoti ya Uingereza anakaa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, siku 90 tu katika kila siku 180, jambo lililowabana sana wastaafu waliozoea kukaa Hispania msimu mzima wa baridi. Baadhi ya kampuni za simu zimerudisha tozo za kutumia laini ukiwa Ulaya.

Ireland Kaskazini inastahili makala yake, niseme kwa ufupi tu. Mpaka wa nchi kavu na Jamhuri ya Ireland hautakiwi kuwekewa vizuizi, kwa ajili ya amani iliyopatikana kwa Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998. Basi ukaguzi ukahamia baharini, kati ya Ireland Kaskazini na kisiwa cha Britania, ndani ya nchi moja. Makubaliano ya Windsor ya Februari 2023 yalilegeza kwa kuweka njia mbili, moja nyepesi kwa bidhaa zitakazobaki huko, nyingine ya ukaguzi kamili kwa zinazoweza kuendelea hadi Umoja wa Ulaya. Ndiyo maana pakiti za maziwa na nyama zilianza kuandikwa kuwa si kwa ajili ya Umoja wa Ulaya. Watu walidhani ni chakula cha daraja la chini. Chakula ni kilekile, maandishi yanaeleza tu kinakoruhusiwa kufika.

Watafiti wa London School of Economics walikadiria kuwa kampuni 16,400 za Uingereza ziliacha kabisa kuuza bidhaa Umoja wa Ulaya baada ya mkataba kuanza, na walioumia hasa ni wadogo. Nilipoisoma namba hiyo nilikumbuka daftari langu la wateja. Hawakufunga biashara zao kwa kishindo. Oda ya Ubelgiji iliachwa mwezi mmoja, ya Denmark ikafuata, na mnunuzi wa huko akapata muuzaji mwingine asiyehitaji cheti. Anayepita dukani haoni kitu, kwa sababu bidhaa iliyokoma kuja haiachi alama kwenye rafu, nafasi yake inazibwa na nyingine.

Mei 2025 viongozi wa pande zote mbili walikutana London wakakubaliana kutafuta mkataba wa afya ya chakula na mimea. Ukikamilika, vyeti vingi vya daktari wa mifugo vitaondoka, na ninautamani sana, kwa ajili ya wauza jibini na wafuga chaza kuliko mtu mwingine yeyote. Wateja wameanza kuniuliza kama basi hawatanihitaji tena. Ninawajibu ukweli: cheti cha afya kinatokana na kuwa nje ya soko la pamoja, tamko linatokana na kuwa nje ya umoja wa forodha, na kwenye mazungumzo haya Uingereza hairudi kwenye umoja wa forodha. Daktari wa mifugo na wino wake huenda wakaondoka, ila namba ya kuainisha, thamani, uzito na asili ya jibini hilohilo vitaendelea kuandikwa kwa kila paleti.