“Mkishaskani, hizi si mnatupa?”

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na kijana aliyeleta maktabani masanduku matatu ya negativu, yaani filamu za kamera ambazo nakala za picha hutolewa kwazo, za marehemu baba yake: “Dada, mkishaskani, hizi si mnatupa?” Hapana. Na nimechoka kusema hapana kwa upole.

Mchukue Ansel Adams, Mmarekani ambaye negativu zake zinatunzwa katika kituo cha picha cha Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, alichoshiriki kukianzisha mwaka 1975. Picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliipiga mwaka 1941, kisha akaendelea kuisafisha, yaani kutoa nakala zake kutoka kwenye negativu, kwa miongo kadhaa. Nakala za mwanzo zina mawingu hafifu angani. Za baadaye anga ni jeusi tititi. Mwaka 1948 aliirudisha negativu yenyewe kwenye dawa ili sehemu ya chini, palipo na makaburi, ikolee. Haya, niambie: ungeskani ipi, utupe ipi?

Skani ni kivuli cha kitu kimoja, kwa mashine ya siku hiyo. Zile tulizojivunia miaka ishirini iliyopita leo nazifungua naona haya. Aliyebaki na negativu anaskani upya. Aliyetupa ndiyo basi. Negativu haidai nywila wala programu. Inyanyue dirishani, utaona watu.

Adui wa negativu ni joto na unyevu. Filamu ya asetati, aina ya plastiki ya negativu nyingi za zamani, ikianza kuoza hunuka siki, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa za jirani. Ukifungua kopo la filamu ukasikia siki, zitenge hizo na uzilete haraka. Hapo kuskani ni dharura kweli, lakini hata hizo hatuzitupi.

Mwingine husema: “Picha iko chuoni, basi ni ya chuo, naiweka tu kwenye jalada la kitabu.” Nani kasema? Kutunza karatasi si kumiliki haki. Hakimiliki ya picha za Adams iko kwa mfuko wa wadhamini aliouanzisha mwenyewe, si kwa chuo. Kwa hiyo ukileta masanduku, tuandikiane: haki zinabaki kwa nani?

“Nimekuchagulia nzuri tu.” Usinichagulie! Lete zilizoungua, zilizotikisika, na hasa daftari la mpiga picha lenye majina ya wateja wake. Picha kumi za harusi zisizo na jina wala mwaka hazinisaidii kama daftari moja lililoliwa na mende.

Na majina yaandikwe sasa, wakati shangazi anayewajua watu bado yupo: nyuma ya picha, kwa penseli laini, kutoka kushoto kwenda kulia. Kalamu ya wino hupenya hadi usoni.

Kuhusu waliokwisha kulaminisha picha, yaani kuzigandisha ndani ya plastiki, gundi ile haibanduki. Msiniulize.