Oili ya sintetiki ni nini, na bodaboda ya nyanda za juu inaihitaji?

Oili ya kawaida, ambayo wengine huiita oili ya madini, hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa. Hata ikishasafishwa, molekuli zake hubaki za ukubwa tofauti, kama unga wa dona. Zile ndogo huondoka kama mvuke silinda ikichemka, zile kubwa huwa nzito kwenye baridi. Oili ya sintetiki hutengenezwa kiwandani ili molekuli zilingane, ndiyo maana huchelewa kuungua, haipungui haraka, na uzito wake, yaani unato na si kilo, haubadiliki sana kati ya alfajiri na saa nane mchana. Nusu sintetiki ni mchanganyiko wa hizo mbili, na usidhani ni nusu kwa nusu: mtengenezaji ndiye anayeamua kiasi.

Sasa, kabla ya kuuliza sintetiki au kawaida, kuna swali linalotangulia: je, oili hiyo ni ya pikipiki? Kwenye gari la gia za mkono (manyo), injini ina oili yake na gia zina yake. Pikipiki nyingi tunazopanda, kuanzia Boxer na TVS hadi zile za Kichina, oili moja inalainisha pistoni, inazunguka kwenye gia na inaloweka sahani za klachi. Oili nyingi za kisasa za magari madogo zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Klachi nayo inaishi kwa msuguano. Ukimwaga oili hiyo ndani, klachi inaanza kuteleza: unapanda mlima na abiria na gunia la viazi, injini inalia juu, lakini tairi halisogei ipasavyo. Tafuta maandishi JASO MA au MA2, alama ya viwango vya Kijapani kwa oili ya pikipiki, mgongoni mwa chupa. Ukiona JASO MB, hiyo ni ya skuta zisizo na klachi ya kuloweka kwenye oili, iache. Oili ya kawaida yenye MA ni bora kuliko sintetiki ya bei kubwa ya gari dogo, na hapo hakuna mjadala.

Baada ya hapo angalia namba. Katika 20W-50, namba iliyo na W huonyesha tabia ya oili kwenye baridi, na ya pili ni uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100. Kuna maneno mengi stendi kwamba baridi ya Makete na Njombe inadai sintetiki. Kipimo chenyewe kinasema vingine. Oili ya 20W hupimwa kwa mashine inayoiga kuzungushwa kwa injini kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na hata asubuhi ya Juni yenye sakitu Kitulo haifiki huko. Injini itawaka. Kinachotokea ni kwamba 20W-50 hukawia kidogo kufika juu kwenye kichwa cha silinda, hivyo iache pikipiki iungurume taratibu nusu dakika hadi dakika moja, bila kukanyaga mafuta. Kama kitabu cha pikipiki kinaruhusu 10W-40, kwa mtu anayelaza chombo nje Makete hiyo ni nafuu ya kweli. Oili inayouzwa huku isiyo na W kabisa, SAE 40 ya kupimwa kutoka kwenye pipa, ndiyo ya kuogopa asubuhi.

Faida ya sintetiki inaonekana zaidi kwenye joto. Injini hizi zinapozwa na upepo tu. Anayetoka Kyela, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, akapanda Tukuyu na Kiwira hadi Uyole akiwa amebeba mzigo, anakwenda kwa gia ndogo, mwendo mdogo, upepo haba. Anayepanda Kitonga yuko hali hiyohiyo. Hapo oili ya kawaida iliyochoka huwa nyepesi mno, na unaanza kusikia gia zinaingia kwa kelele. Gia hukata viungo vinavyoipa oili uzito wake, na oili ya kawaida hutegemea zaidi viungo hivyo. Kwa safari za namna hiyo kila siku, nusu sintetiki au sintetiki inalipa.

Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hakuambii. Oili haichakai tu, inachafuka, na uchafu haujali bei ya chupa. Pikipiki nyingi za Kichina, zenye injini ya aina ya CG125, hazina chujio la karatasi. Zina wavu chini ya injini na kikombe kinachozunguka ambacho hutupa taka pembeni. Vumbi laini na masizi hubaki humo humo. Juu ya hapo kuna petroli. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700, Njombe inakaribia 2,000, na hewa huko ni nyembamba. Kabureta iliyosetiwa Kyela ikipandishwa Njombe inatoa petroli nyingi kuliko hewa inayoingia. Ile isiyoungua inaosha kuta za silinda, inapita kwenye ringi na kushuka ndani ya oili. Choki ikisahaulika ikiwa imevutwa inafanya hivyohivyo. Chomoa kijiti cha kupimia, unuse. Kikinuka petroli, au kina cha oili kimeongezeka bila wewe kuongeza, hiyo oili imekwisha hata kama ni sintetiki ya juzi. Imwage, kisha umwambie fundi asafishe chujio la hewa na kuseti kabureta. Tukuyu, kwa mvua zake na safari fupifupi, hutokea rojo jeupe chini ya kifuniko cha oili: hayo ni maji.

Kwa hiyo hesabu iende hivi. Bodaboda ya kilomita 100 kwa siku inamaliza 2,500 kwa siku 25. Kwa oili ya kawaida, badilisha kati ya kilomita 2,000 na 3,000. Sintetiki mara nyingi huuzwa mara mbili ya bei ya oili ya kawaida au zaidi, na kwa injini isiyo na chujio la karatasi sishauri kuivuta hadi mara mbili ya umbali. Maana yake, kwa kazi ya mjini Mbeya kati ya Mwanjelwa, Kabwe na Soweto, fedha inakaa vizuri kwenye oili ya kawaida inayobadilishwa kwa wakati. Injini mpya, au iliyofungwa ringi mpya, ianze na oili ya kawaida ili ringi zikae. Mwaga ya kwanza kwenye kilomita 500 hadi 750, kitabu kitakavyosema. Injini kuukuu yenye sili zilizokauka isihamishiwe sintetiki ghafla, kwani hupenya mahali ambapo uchafu ulikuwa umeziba, na utaanza kuona matone chini.

Kuchanganya hizo mbili hakuharibu injini. Ukipungukiwa njiani Igawa, ongeza unachopata, mradi kina MA.

Wakati wa kubadilisha, pasha injini dakika tatu, simamisha kwenye stendi ya kati, fungua nati ya chini na uache itiririke mpaka ibaki matone. Toa wavu, uoshe kwa petroli, uangalie: vumbi la chuma kidogo ni kawaida, vipande vinavyoshikika kwa vidole si kawaida. Rudisha nati kwa mkono kwanza, kisha spana, bila kukaza kwa hasira, kwa sababu uzi wa aluminiamu ukikatika gharama yake inapita oili ya mwaka. Tia kiasi kilichoandikwa, mara nyingi karibu lita moja. Washa dakika mbili, zima, subiri dakika tatu, ndipo upime. Kwa pikipiki nyingi kijiti hukaa juu ya tundu bila kuzungushwa. Chupa tupu itoboe kabla ya kuitupa, isije ikarudi dukani ikiwa na oili ya pipa ndani.