Wazazi, divisheni wani sio lengo la shule ya Kikristo

Minada ya korosho ikianza na hela zikianza kuingia, simu nazo zinaanza. Masasi, Newala, Nachingwea, Tandahimba, kila mzazi anatafutia mtoto nafasi ya fomu wani, na mimi kama mwalimu wa taaluma kwenye shule ya kanisa ndo nazipokea. Swali la kwanza: "Mwalimu, mwaka jana mmetoa divisheni wani ngapi?" La pili, na hili ndo linanichosha kabisa: "Sasa hizo sala, midahalo na shamba haviwapotezei watoto muda wa kusoma?" Nimejibu kwa mdomo vya kutosha, leo naandika.

Naanza na hiyo ya divisheni maana ndo mama wa nyingine zote. Watu wanaamini mtoto akipata wani basi tayari ameandaliwa kwenda chuo. Sio kweli. Wani ya fomu foo ni pointi 7 mpaka 17 kwenye masomo saba aliyofanya vizuri zaidi (pointi chache ndo bora), basi, inakuambia mwezi wa kumi na moja alijibu vizuri maswali ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, haikuambii kama anaweza kukaa peke yake na kitabu asichokijua masaa mawili akaondoka na kitu kichwani. Na njia ya mkato kila mwalimu anaijua: chukua pasti pepa za miaka kumi, watoto wakariri majibu, prepu ya jioni ni desa, yaani majibu ya kukariri, likizo ni desa, na matokeo yanakuja mazuri tu, mzazi anafurahi, shule inabandika bango barabarani. Afu mtoto anafika chuo. Kule hamna wa kumgongea kengele ya prepu, mhadhiri anaongea Kiingereza lisaa lizima anataja vitabu vitatu anaondoka zake, bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, limeingia na hakuna anayeuliza limeenda wapi, semista ya kwanza sapu tatu za kurudia mitihani aliyofeli, mwaka unaisha kijana kadisko, yaani kafukuzwa kwa kufeli, yuko nyumbani, na ukoo unaanza kuulizana nani kamroga. Hajarogwa jamani! Hakuwahi kufundishwa kusoma bila kusukumwa.

Hicho ndo tunachofundisha kwenye huo muda mnaosema unapotea. Kwenye mdahalo mtoto anapangiwa upande asioupenda, anaenda maktaba kutafuta hoja, anasimama mbele ya wenzake kutetea kwa Kiingereza chake hicho hicho cha kuokoteza, anapingwa, anakaa chini bila kununa. Mtoto aliyezoea hivyo hata semina ya chuo kikuu haimtishi. Akipiga chabo kwenye testi ya wiki, hata kama maksi zenyewe haziendi popote, anarudia pepa na mzazi anaitwa, kwa sababu kwetu uaminifu ni sehemu ya elimu, hatuusubirii Jumapili.

Na kuna sababu ya kiimani ambayo siwezi kuiruka. Someni Mathayo 25, habari ya talanta. Aliyepewa tano akaleta tano nyingine, aliyepewa mbili akaleta mbili nyingine, na bwana wao aliwasifu kwa maneno yale yale, neno kwa neno. Aliyeonekana mbaya ni yule aliyefukia. Kwa hiyo mtoto aliyeingia hajui kuunganisha sentensi akatoka na divisheni thrii ya jasho lake, kwetu huyo amefika, na simkubali kabisa mzazi anayemlinganisha na mtoto wa jirani mbele yangu. NECTA wenyewe tangu 2023 wameacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, nyie mnang'ang'ania nini?

Ushauri wangu ambao siachi kuutoa: mtoto akija likizo usimtafutie tuisheni. Mwambie amweleze bibi yake topiki moja kwa Kiswahili au Kimakonde, kwa mfano kwa nini chuma kinashika kutu. Akishindwa, hajaielewa, hata kama daftari limejaa tiki nyekundu.

Shamba je? Mnasema ni adhabu au vibarua vya bure. Sisi huku tumekulia kwenye kivuli cha Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, wapo Ndanda tangu 1906, na kanuni yenyewe inapanga kwenye siku moja saa za kazi ya mikono na saa za kusoma. Mtu msomi anayeona jembe ni aibu hiyo elimu imemharibu, na Mwalimu Nyerere alishalia na jambo hilo hilo kwenye Elimu ya Kujitegemea 1967.

Eti shule za dini zinaogopa sayansi. Jenetiki anayosoma mwanao fomu foo imeanzia kwa Mendel, mtawa na padri, aliyekuwa anahesabu njegere kwenye bustani ya monasteri na kuchapisha matokeo yake 1866. Evolusheni ipo kwenye silabasi na tunaifundisha yote, maswali wanauliza, na tunakaa nayo.

Eti ukisoma seminari lazima uwe padri. Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso hapo hapo Masasi, alipita seminari ya Kigonsera, akaishia Makerere na baadaye Ikulu.

Kuhusu watoto wa Kiislamu, ambao huku kwetu ni wengi na tunao: hatubatizi mtoto wa mtu. Kwenye sala ya asubuhi anakaa kwa heshima, Ramadhani jikoni wanamwekea daku. Shule zinatofautiana lakini, kwa hiyo uliza kabla hujalipa ada, ni haki yako.

Na wale wa "huyu kanishinda, nawaletea nyie mumnyooshe", hapana. Malezi tunasaidiana, hatupokei mtoto ambaye nyumbani mmeshamkatia tamaa.

Usaili wetu hauna siri. Mtoto anapewa aya moja aisome kimya, anaifunika, anatueleza imesema nini na yeye anaonaje, kwa Kiswahili au Kiingereza. Hesabu kidogo, basi. Wanaotoka prifomu wani, yale masomo ya kulipia kabla ya fomu wani, ya kukariri ndo wanaokwama hapo, kwa hiyo hela ya prifomu wani mnunulie vitabu vya hadithi, miezi hii mitatu asome.